Koki Kwenye Tuba

Haya yalimpata rafiki yangu, mpuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la kukumbatia. Vali moja, kile kitufe cha kubadili sauti, ilikwama siku ya kujaribiwa na bendi, akaipeleka tuba kwa mjomba wake, fundi bomba. Alipoifuata alikuta vali imeng'olewa, na mahali pake pamefungwa koki ya sinki.

"Mjomba, hii ni tuba au bafu?"

"Waliounda hizo vali hawajui kitu, mama. Pumzi ni kama maji tu. Nenda."

Alifika ukumbini umeme umekatika, giza tupu.

"Tunasikiliza kwa masikio, si kwa taa," alisema kiongozi wa bendi. "Anza."

Akafungua koki, akapuliza. Kimya. Akapuliza mpaka mashavu yakauma. Pumzi iliingia yote, mlio haukutoka.

"Binti, hata mbuzi angetoa sauti. Nafasi hupati."

Akaitua tuba sakafuni, akaziba mdomo kwa viganja asilie. Ndani ya mabomba kitu kikajivuta, kona baada ya kona, kikaishia kwenye koki. Kisha ukatoka msonyo.

"Umenisonya mimi?"

Akatikisa kichwa gizani, viganja vikiwa bado mdomoni. Tuba ikasonya tena, mara hii polepole, kwa meno na mate.