Tarumbeta ya Anaeli na Maji ya Kwao

Ndugu zangu wa Kariakoo, wengi wenu mlimsikia Anaeli. Kila Jumapili asubuhi alikuwa akiketi mbele ya duka lake Mtaa wa Sikukuu, akipasha tarumbeta kabla ya ibada, na mtaa ukitulia kumsikiliza. Mimi nilipiga tarumbeta pamoja naye kanisani, tena sote tumetoka mlimani, Machame.

Mkewe, Severa, ndiye aliyeona kwanza.

"Baba Melkiori, meno yako yana ugaga. Fizi zinatoka damu. Piga mswaki."

"Ugaga gani? Haya ni maji ya kwetu," Anaeli alimjibu. "Sisi meno yetu ni ya kahawia tangu utotoni."

Na kweli, maji ya kwao yalikuwa yameyatia rangi. Kosa lake ni kwamba kila kilichoongezeka juu ya rangi ile alikiita maji. Utando laini wa kila siku, usiposuguliwa, huganda ukawa ugaga mgumu na kuingia chini ya fizi. Miaka ile ya uhaba madukani dawa ya meno ilikuwa imeadimika, basi akapata na kisingizio. Severa akawa anamwekea mezani mswaki wa mti na chumvi kila asubuhi. Ulikaukia palepale. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka pamoja naye.

Kisha mama yake akaandika barua kutoka Machame. Alikuwa mgonjwa sana, na aliomba jambo moja: "Siku yangu ikifika, unipigie tarumbeta wewe mwenyewe."

Mwezi uleule meno ya mbele yakaanza kucheza. Daktari wa meno aliyagusa kwa kidole tu, yakatikisika.

"Ungekuja mapema tungeukwangua ugaga," alisema. "Sasa ugonjwa wa fizi umekula mpaka mfupa. Yanatoka manne."

"Niachie kwanza, daktari. Nimemwahidi mama."

"Hayana pa kushika, ndugu."

Simu ya msiba ilifika wiki ya tatu baada ya kung'olewa meno. Kaburini Anaeli aliinua tarumbeta, akabana midomo juu ya pengo. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, na tena, wazee wakainamisha vichwa. Mwishowe akanipa mimi. Nilipiga vibaya, kwa sababu nilikuwa nalia.

Siku hizi anauza dukani kwake kimya, mkono mdomoni. Tarumbeta Severa ameifungia kabatini.

MAFUNZO

Sugua meno na fizi kila asubuhi na kila usiku kabla ya kulala. Dawa ikikosekana, mswaki na maji vipo. Ugaga ukishaganda, mswaki hauutoi tena. Nenda hospitali ukakwanguliwe. Fizi ikitoka damu, usingoje. Na mkeo akikwambia kinywa chako kina kasoro, usicheke kama tulivyocheka sisi.

Nami leo asubuhi nimesugua meno yangu, kwa chumvi, taratibu. Mawili ya mbele yanacheza.