Kipima Upepo cha Martini

Rafiki yangu Martini, mkulima wa Rhotia, mwaka jana alipanda maharage mapema, mvua ikachelewa, mbegu yote ikapotea. Mwaka huu akanunua kipima hali ya hewa chenye vikombe vinavyozungushwa na upepo, kinachotuma namba kwenye kompyuta. Akakifunga kando ya kaburi la baba yake, maana ndipo penye uwazi.

"Hapo kwa mzee?" mkewe Hosiana aliuliza.

"Si ndipo alipokuwa akisimama kunusa mvua kabla hatujapanda? Akibana pumzi, tulijua bado. Acha anisaidie."

Jioni ukungu ukashuka, umeme ukakatika, kompyuta ikaendelea kwa chaji yake. Ikaonyesha upepo unakuja, unakatika, unakuja, unakatika, kama pumzi. Nje hata jani la mgomba halikutikisika.

"Kibovu hicho," Hosiana akasema. "Kitatutia njaa tena."

Martini akakifuata na tochi, akakitoa betri, akakiweka mezani, akafunga mlango. Kwenye kompyuta upepo ukaendelea. Mwali wa mshumaa ulisimama wima, lakini vile vikombe vya kupimia upepo vilizunguka taratibu, vikasita, vikazunguka tena.

Hosiana akaviinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, tupande?"

Vikombe vikasimama.