Sahihisho la Kosa la Mwisho

"Waraka Na. 7: Uhamishaji wa Programu ya Zamani ya Kupanga Foleni kwenda Mfumo Mpya." Kwa sababu ya jina hilo refu, rafiki yangu mtengeneza programu alishinda siku tatu katika chumba kisicho na dirisha. Makosa mia mbili aliyamaliza, moja likagoma. Lisipoondoka kufikia saa saba mchana, kibarua kinaota nyasi.

Saa sita kamili umeme ukakatika, kompyuta ikazimika. Giza totoro. Akapapasa mlango huku ameshika simu.

"Bosi, umeme umekatika."

"Acha utani, kaka! Mbona nasikia unachapa?"

Hata yeye alisikia: vibonye vikibofywa mezani pake, polepole, kwa uchovu.

Umeme ulirudi saa sita na robo. Sahihisho lilikuwa limehifadhiwa saa sita na dakika nne.