Nguzo ya Sitini na Nne

Hesabu ilitimia, na kwa sababu hiyo mkaguzi hakuhofu. Mchoro ulidai nguzo za chuma sitini na nne za kubeba sakafu ya juu mpaka zege likauke. Asubuhi alihesabu sitini na nne, akatia saini. Saa nne, zege likiwa linamwagwa juu yake, alirudi kugonga kila moja kwa spana, kazi ambayo alipaswa kuifanya kabla ya saini. Nguzo iliyokazwa hulia kama kengele. Ya mwisho, penye njia ya toroli, haikulia. Ilishusha pumzi.

"Fundi," alinong'ona.

Seremala, ambaye kwa wingi wa maneno aliitwa Domo, alikuja akicheka. "Mzee, leo unazipigia ngoma?"

"Weka mkono hapa."

Domo aliuweka, na kicheko kikamkauka. Chuma kilikuwa na joto la mwili, na kilinuka nywele zilizoungua.

"Hii uliiweka lini?"

"Sikuiweka." Domo aliuondoa mkono. "Niliitoa, Mzee. Juzi. Toroli lilikuwa halipiti. Nikasema nitairudisha, nikapitiwa. Yenyewe iko nyuma ya mchanga mpaka sasa."

Mkaguzi alipiga hesabu asiyoitaka: sitini na nne, toa moja. Kisha akapiga ya pili: juu palikuwa na tani ishirini za zege bichi na watu saba, mmoja wao mfunga nondo, binti yake wa pekee.

"Baba, mbona kimya huko chini?" binti aliita.

"Acheni kumwaga. Simameni palepale."

"Kuna nini?"

"Mwanangu, usiinue hata mguu."

Domo aliiburuta nguzo halisi, wakaisimamisha sambamba na ile nyingine, na mkaguzi alipoanza kuikaza, jasho likimwingia machoni, mbao zikilia juu ya kichwa chake na ile harufu ikizidi hadi ikawa kama moshi kooni, sauti ikamjia sikioni, ya chini, ya mtu aliyebeba kitu kizito mno.

"Nimeshika siku mbili. Nani anapokea zamu?"

"Chuma hiki," alijibu mkaguzi, akizungusha.

"Chuma hakichoki. Nataka anayechoka."

Alikaza mpaka spana ikagoma, akagonga. Kengele! Pale iliposimama ile nyingine hapakuwa na kitu, ila nyayo mbili vumbini, visigino vikiwa mbele.

Domo aliketi chini kama gunia. "Mzee, kuanzia leo toroli nitalizungusha hata mwezini."

Waliokuwa juu walishushwa mmoja mmoja kwa ngazi, wakajipanga getini. Mkaguzi alihesabu kofia akizilinganisha na daftari la asubuhi: saba kwa saba. Alikwishafungua kalamu binti yake alipomvuta mkono wa shati.

"Baba, umehesabu wangapi?"

"Saba. Kama ilivyoandikwa."

"Umenakili orodha ya jana," alinong'ona. "Mmoja wetu anaumwa, hakuja. Leo tulipanda sita."

Mkaguzi aliinua macho taratibu. Ukimtoa binti, watano walikuwa wamelegeza mikono, wakipangusa zege. Wa saba, mwisho wa mstari, alikuwa bado ameinua viganja juu ya kofia yake, kama aliyebeba kitu. Naye alimtazama binti ilhali ncha za buti zake zilielekea nyuma.