Kidonge Kisichosagwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili aliketi kando ya kitanda cha bibi yake na kumpa dawa. Nyumbani walimwita Daktari. Mama yake alitoka alfajiri kwenda kufua mashuka katika nyumba ya wageni, kwa hiyo kazi ya dawa ilikuwa yake.

Bibi alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, koo likawa zito, ila mzaha haukumtoka.

"Njoo, mke mwenzangu," alisema kwa ulimi mzito. "Leta hayo mawe yako."

Mawe yenyewe yalikuwa vidonge viwili vyeupe. Daktari alivisaga kwa mgongo wa kijiko na kuvitia kwenye uji. Hakuna aliyemfundisha. Alimwona Bibi akipaliwa, akabuni njia hiyo. Miezi minne ilipita bila shida, na hata Mama hakujua.

Siri hiyo ilitoka kwa Bibi. Alipolazwa alimwona mgonjwa wa kitanda cha pili akilishwa kwa mpira uliopita puani. "Wakijua sishushi kitu, nami watanitia mpira," alimwambia mjukuu wake. "Niapie hutasema." Mtoto akaapa.

Siku moja walirudi kliniki, naye mfamasia akawapa dawa mpya ya presha, kidonge kikubwa chekundu. "Kimoja tu kwa siku. Kinatoa dawa polepole, kutwa nzima. Akimeze kizima, asikitafune. Anameza vizuri?"

Bibi akambana mjukuu wake mkono.

"Anameza vizuri," alisema Daktari.

Kesho yake Bibi alijaribu. Alipaliwa mpaka machozi yakamtoka, kidonge kikaangukia shukani.

"Saga," alisema.

"Bibi, wamesema kizima."

"Kwani tumboni kitabaki kizima? Saga, mke mwenzangu."

Daktari akasaga. Ganda liligoma, akakaza mkono, unga mwekundu ukamwingia kwenye kucha. Bibi akanywa uji wote.

Daktari alikuwa amefunga kiatu kimoja cha shule aliposikia bakuli likianguka. Bibi alikuwa ametota jasho la baridi, kichwa kimelalia bega. Aliitwa, hakuitika. Mtoto alikimbia na kiatu kimoja hadi kwa jirani, fundi cherehani, aliyetafuta gari na kumtumia Mama ujumbe.

Hospitalini daktari wa zamu alitazama kipimo, akakunja uso. "Presha imeshuka mno. Amekunywa nini leo?"

"Dawa zake za siku zote," Mama alisema, mikono bado inanuka sabuni. "Anazimeza vizuri."

Wote wakamgeukia mtoto. Alizitazama kucha zake nyekundu. Akisema, amevunja kiapo, na mpira utaletwa. Akinyamaza, yule daktari atatibu gizani. Bibi alikuwa amefumba macho, na safari hii hapakuwa na mkono wa kumbana.

"Nimekisaga kile chekundu," alisema. "Bibi hamezi. Tangu zamani hamezi."

Daktari wa zamu hakumgombeza. Aligeuka, akaagiza dripu haraka.

Bibi alinusurika kufa, lakini hakurudi alivyokuwa. Ulimi uliokuwa mzito sasa haukutoa neno hata moja, na waliambiwa wazi kuwa ubongo ulikosa damu presha iliposhuka, wasitarajie zaidi.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama alimuuliza mtoto.

"Hukuniuliza, Mama."

Mama akainamisha kichwa. "Kweli, sikukuuliza. Tumshukuru Mungu kwa pumzi alizomwachia."

Muuguzi wa wodi alimwita Daktari pembeni. "Kile kidonge ni kama mtungi wenye tundu dogo. Maji hutoka tone kwa tone. Ukiuvunja, yanamwagika yote mara moja. Bibi yako alipata dawa ya kutwa nzima kwa bakuli moja. Tuna dawa za vidonge, za maji, za sindano, za kubandika kwenye ngozi, hata za kupitisha njia ya haja kubwa. Si mapambo, mwanangu. Kuna anayeweza hii asiweze ile."

"Na mpira?"

Muuguzi alimwinamia. "Tungempima kwanza. Pengine ingetosha kumpa ya maji tangu mwanzo."

Neno hilo mtoto alirudi nalo nyumbani. Siku nyingi halikumtoka.

Mwezi ulipita. Sasa dawa ilikuwa ya maji, ikipimwa kwa bomba lisilo na sindano na kudondoshwa shavuni kidogo kidogo. Walipofika kliniki, mfamasia aliuliza kama zamani, "Anameza vizuri?"

Mkono wa kushoto wa Bibi ukambana mjukuu wake. Nguvu ilikuwa imebaki huko tu.

"Hapana," alisema Daktari. "Jana nusu ilimwagika kidevuni. Juzi alipaliwa mara mbili."

Mfamasia akaandika. "Basi tutamwomba muuguzi aonyeshe namna ya kumkalisha, na daktari atazame kama kuna ya kubandika." Akaweka kalamu chini. "Sitakudanganya, mwanangu. Ukweli wako hautamponya. Lakini sisi koo lake hatulioni, tunaliona kupitia kwako. Ukitudanganya, tunamtibu mtu mwingine, na yeye anabaki bila dawa."

Mkono wa Bibi ulibana tena, kwa hasira au kwa woga, nani angejua. Daktari hakuuondoa wake. Baadaye vile vidole vililegea, vikabaki palepale kiganjani mwake.