Malkia Aliyeguswa

Kila jioni mama alipokuwa akishona, Kiherehere alipanga vifungo juu ya kitambaa kilichochorwa miraba kwa chaki. Kifungo cheusi kilikuwa mfalme, chekundu malkia. Ndivyo alivyojifunza sataranji, akivigusagusa vyote huku akiwaza. Jina la Kiherehere alipewa na kaka yake, maana binti huyu hata akilala miguu haitulii.

Siku ya mashindano alipangiwa kucheza na mvulana aliyeitwa Profesa, bingwa wa shule tatu. Kutoka sare tu kungemwingiza Kiherehere kwenye timu ya wilaya. Akishindwa, angecheza tena mchana, na hapo lazima ashinde.

"Wewe ndiye wa vifungo?" Profesa alicheka. "Usije ukanishonea shati hapa!"

"Nitakushonea mdomo," alijibu Kiherehere, akavuta kiti.

Saa moja baadaye, Profesa hakuwa akicheka tena. Sare ilikuwa inanukia. Penseli ya Profesa ikaanguka, akainama kuiokota. Papo hapo vidole vya Kiherehere vikafanya mazoea ya nyumbani: vikamgusa malkia. Akauvuta mkono kama aliyeungua.

Asubuhi mwamuzi alikuwa ameonya, "Ukigusa kete, ni lazima uicheze." Na malkia ndiye aliyemkinga mfalme. Akisogea tu, kwisha habari.

Profesa aliinuka. "Cheza basi, dada, au tulale hapa?"

Hakuna aliyeona. Saa ya mchezo ilizidi kuhesabu dakika zake.

"Nimemgusa malkia," alisema.

"Mbona sikuona?"

"Nimeona mimi."

Alimsogeza malkia. Baada ya hatua mbili, mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia.

Nje, alijitupa kifuani kwa mama aliyekuwa akimsubiri. "Ningenyamaza tu, mama!"

"Ungenyamaza, ungeingia kwenye timu na wasiwasi mfukoni," mama alimwambia akimfuta machozi. "Mwanangu, mimi nikikosea mshono naufumua. Nikiufunika kwa pasi, nguo itamfumukia mteja barabarani. Wewe umeufumua wako mbele za watu. Sasa kilichobaki ni hivi vidole, na vidole vinafundishika."

Mchana, Kiherehere aliingia kwenye mchezo wa mwisho. Miguu ilicheza ngoma yake chini ya meza kama kawaida. Ila mikono aliikalia yote miwili, akaitoa tu alipokuwa na uhakika.

Alishinda. Wa kwanza kumpigia makofi alikuwa Profesa.

Kiherehere alikuwa bado ameikalia mikono. "Haya," mama alisema akimjia, "inuka sasa, mikono imeshakufa ganzi."