Krimu Iliyozama

Sikukuu ikikaribia, dukani hapapitiki. Watu wanasukumana na vikapu, watoto wanalilia biskuti, na kule kwenye friji la maziwa limebaki boksi moja tu la krimu. Mikono miwili ikalidaka kwa pamoja.

"Kaka, achia. Nimeliona kabla yako."

"Umeliona, dada yangu, lakini mimi nimelishika."

"Umeshika vidole vyangu, siyo boksi."

Kijana akatazama, akaona kweli ni vidole. Akacheka, lakini hakuviachia upesi. Alikuwa amevaa shati jeupe la kazi na kizibao cheusi, ananukia ndimu. Msichana alikuwa na gauni la maua na unga kwenye nyusi, maana alitoka jikoni mbio. Yeye ni muoka keki, anaoka nyumbani kwa mama yake. Kijana alihudumia kaunta ya baa kwenye hoteli ya jirani, na kazini walimwita Kaunta tu.

"Krimu ya nini kwenye baa?" msichana akamuuliza.

"Nina shoti yangu ya sikukuu, kinywaji cha glasi ndogo. Tamu, ina rangi tatu, kila moja imekaa juu ya mwenzake bila kugusana."

"Muongo wewe. Vitu vya maji vinakaaje juu ya mwenzake?"

"Njoo uone, Bi Keki."

Akaenda kuona. Jamani, vijana hivi ndivyo wanavyokwenda.

Kaunta alimimina kwanza sharubati nyekundu ya komamanga, nzito kama asali. Akageuza kijiko kidogo, akakiegemeza mgongo kwenye ukingo wa glasi, kileo cha kijani cha mnanaa kikateremka taratibu, kikatulia juu ya nyekundu. Mwisho krimu, nyeupe, ikaelea juu kabisa.

"Siri ni moja, mpenzi," alisema, na neno mpenzi lilimtoka kabla hajalipima. "Kizito chini, chepesi juu. Sukari ndiyo uzito. Ukizidisha sukari kwenye cha juu, kinazama, na glasi nzima inakuwa tope."

Mwaka ukazunguka, mapenzi yakakolea. Bi Keki akawa ndiye anayeitengenezea hoteli ile krimu, nyepesi, imepigwa kidogo tu. Kila asubuhi simu: "Umeamka, sukari yangu?" "Nimeamka, na wewe usiniite sukari, nitazama." Wanacheka mpaka mama mtu anapiga chafya ya makusudi chumba cha pili.

Kasoro ilikuwa moja. Binti alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kutia chumvi kwenye mapenzi. Huu ulikuwa unamkosesha hata hamu ya kula. Kaunta akimchekea mteja wa kike, yeye roho juu. Mama alikuwa akimwambia, "Mwanangu, jambo likikuuma, uliza. Usikae nalo." Anaitikia, "Ndiyo mama," halafu anakaa nalo.

Sikukuu ilipokaribia tena, akapiga simu mchana. Kabla Kaunta hajasema haloo vizuri, ikasikika sauti ya kike pembeni: "Nishike mkono bwana, namwaga!" Na kicheko.

"Nani huyo?"

"Wa kazini. Nitakupigia, mpenzi, nina kazi mkononi."

"Naona. Tena mkono laini."

Simu ilishakatika. Bi Keki akavua aproni, akajifunga mtandio, akaenda. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango wa kioo, akamuona Dada wa Mapokezi, yule anayekaribisha wageni mlangoni, wa sketi ya kubana na kucha ndefu nyekundu, ameshika kijiko. Nyuma yake Kaunta, amemshika kifundo cha mkono, kidevu karibu na bega. Hatua chache tu zingemfikisha kwenye ukweli. Akageuka, akarudi nyumbani.

Jioni Bi Keki akapiga simu mwenyewe.

"Siku ya sikukuu mchana utakuwa wapi?"

"Kuna mahali nakwenda."

"Hutakuwa kaunta? Siku ya shoti yako?"

"Kuna mahali nakwenda, nimekwambia. Utajua tu, mbona una haraka?" Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Angesema lolote, hata uongo, ingekuwa afadhali.

Asubuhi ya sikukuu Bi Keki alipiga krimu ya hoteli kama kawaida. Kisha akachemsha sukari na maji kidogo, mpaka ikavuta kama gundi, akaiacha ipoe, akaimimina yote kwenye krimu, akakoroga. Machoni ilikuwa ileile, nyeupe, nzuri. "Na waelee sasa," akasema peke yake. Dereva wa pikipiki akapakia ndoo, akaondoka.

Jua lilipofika utosini, hodi ikabishwa mlangoni. Mama akawahi kufungua, amevaa gauni lake jipya, na binti akashangaa lini lilitoka kabatini. Aliingia mzee mmoja wa heshima, na nyuma yake Kaunta, shati limepigwa pasi mpaka linakata, ananukia ndimu.

"Shikamoo, mama. Huyu ni baba yangu mdogo. Tumekuja kama tulivyoongea."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni ndani."

Walikuwa wameongea! Mama na Kaunta, wiki mbili, wanapigiana simu kwa siri. Bi Keki alibaki na mwiko mkononi kama amegandishwa.

"Na kaunta... amebaki nani?" akauliza.

"Dada wa Mapokezi. Ndiye pekee aliyekubali kunishikia zamu. Wiki nzima namfundisha, mkono mzito kama mchi! Lakini jana ameweza. Leo meneja anatazama, akifanya vizuri anahamishiwa kaunta, anaacha kukaa mlangoni." Akamkonyeza. "Sikukwambia mapema. Nilitaka posa ikushtukize mbele ya mama yako."

Bi Keki akatazama saa; ndoo ya krimu ilishafika. Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza anakohoa ili aanze maneno ya posa, simu ya Kaunta ikalia. Meneja alikuwa anafoka mpaka sebule nzima ikasikia.

"Umeniachia nani hapa? Glasi zote tope! Wageni wanacheka! Namfukuza huyu msichana sasa hivi!"

Kwa nyuma kulikuwa na mtu analia.

Kaunta akashika kichwa. "Ameinua kijiko. Nilimwambia kiguse glasi, nilimwambia!"

Binti unayesoma, hebu simama hapo pamoja naye. Angenyamaza, asingejulikana kamwe. Baba mdogo angesema maneno yake, mama angepiga kigelegele, na yule mwingine, wa kucha nyekundu, angerudi kwao bila kazi siku ya sikukuu. Wivu ulikuwa umempa kila alichotaka.

"Si yeye," akasema. Akaisogelea simu. Akasema tena. "Meneja, si yeye. Ni krimu. Niliizidisha sukari mimi, kwa makusudi."

Mama akakaa chini polepole.

"Kwa nini?" Kaunta aliuliza, na hakumuita sukari wala mpenzi.

"Nilikuona umemshika mkono. Nilikuwa pale nje kwenye kioo."

"Ulikuwa pale pale? Hukuingia?"

"Sikuingia."

Baba mdogo akatazama kofia yake magotini kana kwamba imeandikwa kitu. Kaunta akasimama. "Una krimu nyingine?"

"Ipo ya keki ya leo."

"Ichukue. Twende."

Wakapanda teksi. Hotelini Dada wa Mapokezi alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, wanja umemtiririka mashavuni.

"Dada, ni mimi nimekuharibia," Bi Keki akamwambia. "Nipige, ukitaka."

Yule akamtazama juu mpaka chini. "Nikupige na kucha hizi? Zivunjike kwa ajili yako?" Akajipangusa pua. "Lete hiyo krimu. Tena simama hapo meneja akuone, ajue sura ya aliyeharibu."

Akasimama. Wafanyakazi wote wakamuona. Dada wa Mapokezi akamimina mwenyewe: nyekundu, kijani, nyeupe. Ilielea. Meneja akanywa moja, akabandika glasi mezani, akasema, "Kesho uanzie kaunta." Kwa Bi Keki alisema kwamba krimu yake haitaingia tena mlango ule, na hakuna aliyemtetea.

Kaunta alikuwa anafuta kaunta mahali ambapo tayari palikuwa pasafi. Simu ya Bi Keki ikaita. Ni mama.

"Mwanangu, baba mdogo bado amekaa. Chakula kinapoa. Nikifunike, au mnarudi?"

Akashusha simu, akamgeukia Kaunta. Safari hii akauliza.

"Mama anasema, afunike chakula? Au... bado unarudi nyumbani kwetu?"

Kaunta alifuta, akafuta. Kitambaa kikasimama.

"Mwambie asifunike."

"Kwa hiyo umeni—"

"Kwa hiyo nina njaa," akasema, akachukua koti lake. "Hayo mengine utanijibu njiani, moja moja. Na teksi iende polepole."